Mkimbizi na Itongo Lake: Watu wa Kawaida katika Vita vya Burundi, 1993–2005

Utangulizi

Historia ya vita vya Burundi imezoeleka kuandikwa kwa majina ya marais waliouawa, majeshi yaliyopigana na mikataba iliyotiwa saini. Hayo yote ni ya lazima. Hata hivyo, mkulima aliyelala porini miezi kadhaa akichelea risasi za usiku, mjane aliyezuiwa kuvuna maharage yake, na mtoto aliyejifunza kusoma ndani ya hema la turubai, hawaonekani katika kurasa hizo isipokuwa kama hesabu. Mhadhara huu unajaribu kuwafikia kwa njia ambayo wanaisimu wanaifahamu vyema, nayo ni njia ya maneno waliyoyatumia kuzitaja hali zao.

Katika Kirundi, kitenzi guhunga kina maana ya kuikimbia hatari na kuyahama makazi kwa sababu yake. Anayehunga huitwa impunzi, kama vile katika Kiswahili anayekimbia huitwa mkimbizi. Hadi hapo lugha hizi mbili zinakwenda sambamba. Lakini Kirundi kinapiga hatua moja zaidi: mtu aliyerudi kutoka uhamishoni husemwa kuwa amehunguka. Mwanafunzi wa sarufi ya Kiswahili ataitambua mara moja kauli hiyo ya kutendua, ambayo kwayo kutokana na funga tunapata funguka, na kutokana na kunja tunapata kunjuka. Kwa mujibu wa sarufi hiyo, kukimbia ni kama fundo, na kurudi ni kulifungua fundo hilo hadi kamba inyooke kama ilivyokuwa. Kiswahili hakina kitenzi cha namna hiyo. Msemaji wake husema amerudi au amerejea, wala maneno hayo hayadai kwamba kilichotendeka kimefutika.

Swali linalouongoza mhadhara huu ni hili: je, kukimbia kunatenduka? Vita vya Burundi, vilivyoanza mwaka 1993 na kugharimu maisha ya watu wanaokadiriwa kufikia 300,000, vinatoa jibu lililo gumu kuliko sarufi inavyoahidi.

Ikiza: Kumbukumbu Iliyotangulia Vita

Vita vya 1993 haviwezi kueleweka pasipo mwaka 1972. Tarehe 29 Aprili mwaka huo uasi ulizuka kusini mwa nchi, katika sehemu za Rumonge na Nyanza-Lac, na Watutsi wengi wakauawa. Serikali ya Michel Micombero ilijibu kwa mauaji ya Wahutu nchi nzima, na hasa wale waliosoma: walimu, makarani, wauguzi, wanafunzi, mapadri na wafanyabiashara. Makadirio ya waliokufa yanatofautiana, mengi yakiwa kati ya 100,000 na 300,000. Warundi waliupa msiba huo jina la ikiza, yaani baa, neno linalofaa pia kwa njaa au tauni. Katika kuuita hivyo msiba unatajwa, lakini aliyeuleta hatajwi. Kwa miaka mingi haikuwezekana kusema zaidi ya hapo, kwa kuwa wafu hawakuruhusiwa kuombolezwa hadharani, wala jamaa zao hawakuonyeshwa makaburi.

Waliookoka walivuka mpaka kwa maelfu. Tanzania iliwapokea na kuwapa ardhi katika makazi makubwa matatu: Ulyankulu mkoani Tabora, kisha Katumba na Mishamo katika wilaya ya Mpanda. Walifyeka misitu ya miombo, wakalima mahindi, mihogo na tumbaku, wakajenga shule na makanisa. Watoto wao walisoma kwa Kiswahili. Mwanaanthropolojia Liisa Malkki, aliyefanya utafiti Mishamo na katika mji wa Kigoma katikati ya miaka ya 1980, alikuta tofauti kubwa baina ya makundi hayo mawili. Wakimbizi wa makazini walijitambulisha kama taifa lililo uhamishoni, wakiisimulia na kuirudia historia yao hadi ikawa kama maandiko matakatifu. Wale wa mjini walijichanganya na wenyeji, wakaoa na kuolewa, na wengi wao hawakupenda kuitwa wakimbizi. Tangu hapo basi, Kiswahili kilikuwa na kazi mbili kwa watu hao. Kilikuwa lugha ya kujifichia kwa mmoja, na kwa mwingine lugha ya kusubiria.

Jirani na Oktoba ya 1993

Warundi wengi hawaishi vijijini kwa maana inayofahamika pwani au katika Tanzania ya ujamaa. Kila familia hukaa katika urugo wake, yaani boma lililozungukwa na migomba na mashamba, na maboma hayo yametawanyika juu ya mlima mmoja. Mlima ndio kitongoji. Wahutu na Watutsi waliishi katika milima ileile, wakasema lugha ileile, wakanywea pombe ya ndizi katika mtungi mmoja. Jambo hili linapasa kukumbukwa, kwa sababu vita vilipofika, havikufika na watu wa mbali.

Tarehe 1 Juni 1993 Melchior Ndadaye alishinda uchaguzi wa kwanza wa urais wa vyama vingi, akawa Mhutu wa kwanza kuwa rais wa Burundi. Aliapishwa tarehe 10 Julai. Tarehe 21 Oktoba wanajeshi walimuua. Habari zilipoenea milimani, Watutsi wengi, na pia Wahutu waliokuwa wa chama kilichoshindwa, waliuawa na majirani zao. Jeshi nalo likaingia na kuwaua Wahutu kwa kulipiza kisasi. Huko Kibimba, mkoani Gitega, wanafunzi wa Kitutsi walifungiwa katika kituo cha mafuta na kuchomwa moto. Mahali hapo pamesimamishwa mnara wa kumbukumbu. Huko Ruyigi, siku tatu baada ya kifo cha rais, Marguerite Barankitse, Mtutsi, alishuhudia Wahutu 72 wakiuawa katika nyumba ya askofu alimokuwa amejaribu kuwaficha. Aliwaokoa watoto 25, na kutokana na watoto hao akaanzisha Maison Shalom, makao yaliyolea yatima wa pande zote mbili.

Katika majuma machache mamia ya maelfu ya watu walikuwa wamevuka mipaka kuingia Rwanda, Zaire na Tanzania. Wakati huohuo Watutsi walioponea milimani walikusanyika kuzunguka vituo vya tarafa, misheni na kambi za jeshi, na wengi hawakurudi tena kwenye mashamba yao. Kwa hiyo mlima uligawanyika: Mhutu aliyekimbilia ng'ambo ya mpaka na Mtutsi aliyekimbilia barabarani, kila mmoja aliacha nyuma shamba ambalo aliliona kwa macho au kwa kumbukumbu, lakini hakuweza kulilima.

Mji mkuu ulipatwa na mgawanyiko wa namna hiyo kati ya 1994 na 1995. Kamenge na Kinama zikabaki mitaa ya Wahutu. Musaga, Nyakabiga na Ngagara mitaa ya Watutsi. Vijana waliojiunga katika magenge walifunga barabara na kuutangaza mji kuwa mji mfu, siku ambazo aliyetoka kutafuta unga alihatarisha maisha yake. Mitaa ya Bwiza na Buyenzi ilidumu kuwa mchanganyiko kwa muda mrefu kuliko mingine, hata machafuko ya Machi 1995 yalipoifikia nayo. Buyenzi ndio moyo wa Kiswahili Bujumbura. Wakazi wake, wengi wakiwa Waislamu, ni wazawa wa wafanyabiashara, mafundi na wapagazi waliokuja tangu zama za Ujiji na za Wajerumani, na kwa muda mrefu neno umuswahili lilitumiwa kwa dharau kumtaja mtu wa mjini asiye na mlima wake. Katika vita, kutokuwa na mlima kukageuka kuwa kinga ya aina fulani. Mtu aliyejitambulisha kwa mtaa, dini na biashara alikuwa na sababu pungufu ya kumwuliza jirani kabila lake, na si watu wachache wa pande zote mbili waliopata hifadhi katika nyumba za Buyenzi.

Vita vya Mchana na vya Usiku

Baada ya mapinduzi ya Pierre Buyoya ya tarehe 25 Julai 1996, mapigano yalienea karibu nchi nzima. Kwa mwananchi wa milimani, vita hivyo vilikuwa na zamu mbili. Usiku walikuja waasi wakidai chakula, michango na watu wa kubeba mizigo. Mchana lilikuja jeshi likiwauliza walewale kwa nini waliwalisha waasi. Aliyetoa alikuwa na hatia, na aliyekataa alikuwa na hatia. Wengi walichagua njia ya tatu, nayo ni kulala kwenye mibuni na vichakani, kisha kurejea bomani alfajiri kuona kilichosalia.

Serikali ilibuni dawa iliyozidi ugonjwa. Kuanzia mwaka 1996 katika mikoa kama Karuzi na Kayanza, kisha tena Septemba 1999 kandokando ya Bujumbura, jeshi liliwahamisha wakulima kwa nguvu na kuwakusanya katika kambi za juu ya vilima ili kuwatenga na waasi. Katika wimbi hilo la pili pekee waliohamishwa walizidi 300,000. Walijengea vibanda vya majani ya migomba. Maji yalikuwa mbali, na vyoo havikutosha. Waliruhusiwa kwenda shambani kwa siku na saa zilizopangwa na askari, ilhali jembe halijui ratiba ya jeshi. Mvua ya kupandia ikipita, imepita. Nelson Mandela, aliyeshika usuluhishi baada ya kifo cha Mwalimu Julius Nyerere cha tarehe 14 Oktoba 1999, alizilaani kambi hizo waziwazi, na katika mwaka 2000 zikavunjwa.

Aidha, wengi wa wafu wa vita hivi hawakufa kwa risasi. Vikwazo vya kiuchumi vilivyowekwa na nchi jirani kuanzia Julai 1996 hadi Januari 1999 vilikusudiwa kumbana mtawala, lakini vilipandisha bei ya chumvi, mafuta na mbolea kwa mtu aliyekuwa hana kitu. Kisha, katika miaka ya 2000 na 2001, malaria ilivamia nyanda za juu ambako watu hawakuwa na kinga nayo. Wagonjwa walihesabiwa kwa mamilioni katika nchi yenye watu wasiofika milioni saba. Vifo vya namna hii haviingii katika orodha ya mauaji, wala havina mnara. Lakini kwa mama aliyemzika mtoto kambini, tofauti baina ya homa na vita ilikuwa ndogo mno.

Zinastahili kutajwa pia nyakati ambazo watu wa kawaida waliikataa hesabu ya kabila. Tarehe 30 Aprili 1997 waasi waliingia katika seminari ya Buta, kusini mwa nchi, wakawaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu upande mmoja na Watutsi upande mwingine. Vijana walikataa, na 40 kati yao wakauawa pamoja. Katika mwaka huohuo Studio Ijambo ilianza kurusha mchezo wa redio wa Umubanyi Niwe Muryango, ulioandikwa na Marie-Louise Sibazuri. Jina lake maana yake ni kwamba jirani ndiye ndugu. Mchezo huo ulisikilizwa milimani na kambini kwa miaka mingi. Kwamba maneno hayo yalihitaji kutangazwa redioni ni ushahidi wa kilichokuwa kimevunjika. Kwamba yalisikilizwa ni ushahidi wa kilichokuwa hakijavunjika.

Kambi na Kiswahili cha Kambini

Wakimbizi wa miaka ya 1990 hawakupokewa kama wale wa 1972. Tanzania, iliyokwisha kulemewa na wakimbizi wa Rwanda wa 1994, iliwaweka katika kambi za Ngara, Kibondo na Kasulu, ikawazuia kutoka nje ya kilomita nne bila kibali. Hawakupewa mashamba, bali mgawo: mahindi, maharage, mafuta ya kupikia, chumvi. Mkulima aliyekuwa akilisha mji sasa alisubiri foleni akiwa na kadi mkononi. Mgawo ulipopunguzwa, wanawake na watoto walivuka mipaka ya kambi kufanya vibarua katika mashamba ya vijiji vya jirani, na hapo ndipo Kiswahili kilipokuwa chakula hasa: aliyekijua alipatana ujira, na akisimamishwa njiani aliweza kujieleza.

Lakini lugha haikutosha kumkinga mtu daima. Mwishoni mwa mwaka 1997 na mwanzoni mwa 1998, jeshi la Tanzania liliwakusanya makumi ya maelfu ya Warundi waliokuwa wakiishi vijijini magharibi mwa nchi na kuwapeleka kambini. Baadhi yao walikuwa wamekaa humo tangu miaka ya 1970, wana wake au waume Watanzania, na watoto wasiojua lugha nyingine nyumbani isipokuwa Kiswahili na Kiha. Familia zilitenganishwa, na mazao yakaachwa shambani. Hapa linaonekana fundo gumu la suala zima: ukimbizi haukuwa tena tendo la mtu kukimbia, bali sifa anayoweza kuvikwa hata mtu aliyezaliwa mahali palepale alipokamatiwa.

Itongo

Mkataba wa Arusha ulitiwa saini tarehe 28 Agosti 2000, kundi kubwa la waasi likaweka silaha chini mwishoni mwa 2003, na tarehe 26 Agosti 2005 Pierre Nkurunziza akaapishwa. Kundi la mwisho lilisaini usitishaji wa mapigano mwaka 2006 na kunyang'anywa silaha mwaka 2009. Amani hii ilileta furaha ya kweli. Shule za msingi zikawa bure mwaka 2005, na mwaka uliofuata uzazi na matibabu ya watoto wadogo yakawa bure. Wakimbizi wakaanza kuhunguka kwa malaki.

Walichokifuata kinaitwa katika Kirundi itongo. Neno hili maana yake ni ardhi ya ukoo, shamba na mahali pa boma, kitu ambacho baba humwachia mwana. Tume ya serikali ya ardhi na mali iliyoundwa mwaka 2006 ilibeba neno hilo katika jina lake, kwa wingi, amatongo. Linalostahili kuzingatiwa na mwanaisimu ni kwamba katika Kinyarwanda, lugha pacha ya Kirundi, neno hilohilo amatongo lina maana ya magofu au mahame: mahali palipokuwa na watu, ambapo sasa hapana. Kwa mkimbizi aliyesimama mbele ya shamba la baba yake, maana zote mbili zilikuwa kweli kwa wakati mmoja.

Shida haikuwa kwamba shamba lilikuwa tupu, bali kwamba halikuwa tupu. Katika tambarare ya Imbo, kandokando ya Ziwa Tanganyika, ardhi ya waliokimbia 1972 ilikuwa imegawiwa watu wengine au kupandwa michikichi ya miradi. Sheria ya ardhi ya mwaka 1986 ilimpa haki mtu aliyeimiliki ardhi kwa miaka 30, au 15 iwapo aliipata kwa nia njema. Miaka 30 tangu 1972 ilitimia 2002, wakati vita bado vinaendelea. Kwa maneno mengine, sheria ilimtaka mkimbizi arudi katika muda uleule ambao kurudi kulikuwa ni kufa. Mkataba wa Arusha ulitamka kwamba kila mkimbizi aweze kuipata tena mali yake, hasa ardhi, au alipwe fidia ya haki. Lakini aliyeikalia ardhi hiyo naye aliizalia watoto na kuizikia wazazi. Hapakuwa na upande mmoja wa wezi na mwingine wa wenye haki. Wajane na mabinti ndio waliokuwa katika hali mbaya kuliko wote, kwa kuwa kwa mila ardhi hurithiwa na wanaume, na mume au kaka aliyekuwa mlango wao wa kuingilia katika itongo alikuwa amekufa.

Waliorudi walitambulika kwa lugha. Kijana aliyezaliwa Katumba au Mishamo alifika akisema Kiswahili kwa ufasaha na Kirundi kwa kukwama, akaketi katika darasa lililofundisha kwa Kifaransa asichokijua. Katika vijiji vilivyojengwa kwa ajili ya wasio na ardhi, Kiswahili kikawa alama ya mgeni katika nchi ya babu yake. Ni kweli kwamba katika miaka hiyohiyo Burundi iliingiza Kiswahili katika mtaala wa shule za msingi, na tarehe 1 Julai 2007 ikajiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Lugha iliyokuwa dalili ya uhamisho ikaanza kuwa lugha ya ujirani wa mataifa. Lakini kwa kijana yule, mabadiliko hayo yalikuja yakiwa yamechelewa.

Si ajabu, basi, kwamba mwaka 2007 wakimbizi wa makazi ya zamani nchini Tanzania walipoulizwa wachague, takriban wanne kati ya kila watano waliomba uraia wa Tanzania badala ya kurudi. Zaidi ya 160,000 walikubaliwa mwaka 2010, ingawa vyeti vyao vilianza kutolewa mwaka 2014. Wao walilijibu swali la mhadhara huu kwa saini zao.

Hitimisho

Mwaka 2015 mgogoro wa kisiasa uliwakimbiza tena Warundi kwa malaki. Kambi za Nduta na Mtendeli, zilizokuwa zimefungwa, zilifunguliwa upya, na miongoni mwa walioingia walikuwamo watu waliokuwa wamehunguka miaka michache tu nyuma. Barankitse mwenyewe, aliyewahifadhi wengi, alikimbilia Rwanda akawa mkimbizi. Kwa watu hao kitenzi cha kutendua kilitenduliwa chenyewe.

Mwaka 2020 Tume ya Ukweli na Maridhiano ilichimbua makaburi ya halaiki karibu na mto Ruvubu, mkoani Karuzi, ikakuta mabaki ya watu zaidi ya 6,000, wanaoaminiwa kuwa wa mwaka 1972. Hakukuwa na nyuso za kutambua. Jamaa waliwatambua baadhi yao kwa vipande vya nguo, kwa miwani, kwa rozari. Karibu nusu karne ilikuwa imepita, na bado yuko mtu aliyeikumbuka miwani ya baba yake.

Hapo ndipo penye thamani ya kuisoma historia kwa maneno na vitu vidogo. Kukimbia hakutenduki: ardhi imekaliwa, jirani amekufa au amebadilika, mtoto amekua katika lugha nyingine. Kiswahili kinasema kweli kinaposema tu kwamba mtu amerudi. Hata hivyo Kirundi nacho hakisemi uongo kinapong'ang'ania neno guhunguka, kwa sababu neno hilo halielezi lililotokea. Linaeleza lile ambalo watu wa kawaida, katika miaka yote hiyo, hawakukubali kuacha kulidai. Mwanafunzi wa lugha aliyepewa maneno hayo mawili ayahifadhi yote, na mbele ya msimulizi wa vita asiharakishe kulisahihisha hata moja.